Mahindi Yako Ghalani, Mwenyekiti: Tuuze au Tusubiri?

Mahindi yanapoanza kukauka Laela, Mpui, Matai na Namanyere, viongozi wa vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS), wa vikundi vya wakulima na wenye maghala binafsi mjini Sumbawanga hukabiliwa na swali lile lile. Tuuze sasa au tusubiri? Bei ikipanda baadaye, aliyesubiri huitwa mjanja na aliyeuza mapema hunong'onwa kwamba amekula na wanunuzi. Mwaka unaofuata bei ikianguka, sifa na lawama hubadilishana wenyewe. Makala hii ni ya hao wanaoulizwa. Msimamo wake ni kwamba kiongozi wa biashara ya nafaka Ufipa apimwe kwa namna alivyofikia uamuzi, maana bei iliyokuja baadaye kwa sehemu kubwa haikuwa mikononi mwake.

Uamuzi wenyewe si wa zamani sana huku. Tangu katikati ya miaka ya 1970 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima kupitia Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Mkulima wa Ufipa, aliye mbali na Dar es Salaam kuliko karibu wenzake wote, alilipwa sawa na aliye karibu, na gharama ya lori ikabebwa na umma. Mpango huo ulichangia sana kuiingiza Rukwa, mkoa wa Ufipa, kwenye ile mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa kuulizwa tuuze lini wala tumuuzie nani. Lori likija umeuza. Lisipokuja, mahindi yanakungoja wewe na panya. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980 ikielekea 1990, uamuzi ulishuka hadi kijijini, lakini mafunzo ya kuamua hayakushuka nao.

Nani hasa anapanga bei

Kabla ya kuitisha mkutano, viongozi waelewe wanachezea uwanja wa nani. Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, ina msimu kama huo huo. Wao wakivuna vizuri, wateja wetu wa upande ule hupungua. Wao wakikosa, malori hupanga foleni. Msimu wa 2023/24 El Niño ilikausha mashamba ya Zambia, na Februari 2024 serikali ya huko ikatangaza janga la taifa. Miezi michache baadaye Tanzania, kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ilikubali kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Kiongozi wa kikundi aliyekuwa akifuatilia habari za mvua za Zambia mwezi Januari na Februari alitambua mapema kwamba wateja wa Zambia watakuja, kuliko aliyengoja dalali ampigie simu Julai.

Upande wa pili ni serikali. Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba mahindi yasiuzwe nje ya nchi, anayetaka kuuza asage auze unga. Zuio hilo liliondolewa baadaye, lakini wakati linaondolewa bei ilikuwa imeshaporomoka mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, na waliokuwa wameweka mzigo kwa mkopo ndio walioumia zaidi. Je, walikosea? Baadhi yao walikuwa wamepiga hesabu nzuri kabisa. Wengine walibahatisha. Ukiwatazama kwa bei tu, wote wanaonekana sawa, na hapo ndipo chama kinapoanza kumfukuza kiongozi mzuri na kumbakiza mwenye bahati.

NFRA yenyewe ina maghala na vihenge vikubwa Sumbawanga, sehemu ya mradi uliojengwa kwa mkopo kutoka Poland. Bei yake ikitangazwa, soko lote la mkoa hutikisika. Ila kutangazwa kwa bei na kufunguliwa kwa kituo cha kununulia karibu na kijiji chako ni mambo mawili. Foleni inaweza kuwa ndefu, na malipo yana ratiba yake. Anayeweka NFRA kwenye hesabu zake aulize yote matatu: bei, nafasi, na siku ya kulipwa.

Halafu kuna barabara. Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ni kama kilomita 220, sasa ni lami. Zamani bei ya Tunduma ilikuwa hadithi ya madereva. Leo ni namba unayoweza kuitumia: chukua bei ya Tunduma, toa nauli ya gunia, ushuru, na kupakia na kushusha. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na bei anayokupa mnunuzi aliyesimama mlangoni. Fanya hivyo hivyo kwa Kasanga, ambako mzigo huvuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo na Burundi. Piga simu zaidi ya moja kwa kila soko, na usimpigie dalali peke yake. Dalali si mtu mbaya, lakini analipwa mzigo ukitembea.

Hesabu ya kusubiri

Watu wengi husema "tusubiri Januari, bei itapanda" kana kwamba kusubiri ni bure. Tuchukue mfano wa kufundishia tu, namba si za soko la leo. Gunia la kilo 100 linauzika Julai kwa shilingi 500 kwa kilo, yaani 50,000. Mmeamua kulitunza miezi sita. Mfuko usiopitisha hewa shilingi 5,000. Kodi ya ghala na mlinzi 500 kwa mwezi, jumla 3,000. Fedha ya kuwalipa wanachama mmekopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Miezi sita ni 9,000. Jumla ya gharama ni 17,000. Mahindi yakipungua kilo mbili kwa kukauka na kumwagika, Januari mtauza kilo 98. Ili mrudishe 67,000, kila kilo iuzwe kwa shilingi 684 hivi. Chini ya hapo mmepata hasara, hata kama bei "imepanda" kutoka 500 hadi 650 na kijiji kizima kinawapongeza.

Ukiondoa mkopo kwenye mfano huo, kilo inatakiwa kufika 592 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayomtofautisha mwenye mtaji wake na mwenye deni, na ndiyo sababu kikundi kimoja kinaweza kusubiri kwa busara mwaka ule ule ambao jirani yake anatakiwa auze. Hakuna uamuzi mmoja sahihi kwa Ufipa nzima. Mwenyekiti anayeiga AMCOS ya kata ya pili bila kuuliza fedha yao imetoka wapi hajaamua kitu.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, chini ya Sheria Namba 10 ya mwaka 2005, unaruhusu mwenye mzigo kuuweka kwenye ghala lenye leseni, apewe stakabadhi, na kuitumia stakabadhi hiyo kuombea mkopo. Ni njia nzuri ya kupata fedha ya ada ya shule bila kuuza kwa hasara. Lakini riba yake na gharama za ghala ziingie kwenye hesabu kama ile ya juu. Stakabadhi haifuti gharama ya kusubiri.

Kabla ya hesabu zote, swali la kwanza ni kama mahindi yenyewe yanaweza kusubiri. Baridi ya Ufipa huchelewesha kukauka. Mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 na kufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, yatavunda na kuleta sumukuvu. Wakulima hutumia chupa kavu na chumvi kavu: tia mahindi, tikisa, chumvi ikishika kwenye kuta za chupa mahindi ni mabichi. Jaribio hilo hukamata yale yenye unyevu wa zaidi ya 15 hivi, kwa hiyo chumvi isiposhika bado tafuta mashine ya kupimia. Wadudu nao hawasubiri kikao. Dumuzi aliripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 akasambaa. Chama kisicho na mifuko, dawa iliyothibitishwa wala ghala kavu kimeshaamua kuuza mapema. Kilichobaki ni kukiri.

Kikao chenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo viongozi wengi hupita haraka. Kikao cha kawaida huanza na mwenyekiti kusema, "Ndugu wajumbe, mimi naona tusubiri, sijui ninyi mnaonaje." Akishasema hivyo kikao kimekwisha. Nani atasimama kumpinga mzee mbele ya watu? Atajibiwa, "Mzee, sisi tuko nyuma yako," na yule mama anayejua kwamba nusu ya nyumba za mtaa wake zimeishiwa fedha atanyamaza.

Kwa hiyo mwenyekiti aseme mwisho. Kabla ya mazungumzo kila mjumbe aandike kwenye karatasi bei anayodhani itakuwepo Januari na sababu moja, asiyeandika amnong'oneze katibu. Karatasi zisomwe bila majina. Mara nyingi utakuta wajumbe wametofautiana sana, na tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe: maana yake hamjui, na kundi lisilojua halitakiwi kuweka mzigo wote upande mmoja.

Baada ya hapo tumieni njia ambayo mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein, aliieleza mwaka 2007. Wajumbe wajifanye ni Machi mwaka ujao, uamuzi wao umeshindwa vibaya. Kila mmoja aeleze kilichosababisha. Mmoja atasema mpaka ulifungwa. Mwingine: Zambia walivuna. Mwingine: paa la ghala lilivuja, sote tulijua linavuja. Uzuri wa njia hii kwa watu wetu ni kwamba anayetaja hatari hampingi mzee. Anatimiza alichoombwa na kikao.

Kuna kitu cha kupima pia kabla ya kura: uamuzi upi unarudi? Mahindi yaliyouzwa hayarudi ghalani. Yaliyotunzwa yanaweza kuuzwa wiki ijayo. Kwa sababu hiyo kusubiri huonekana salama zaidi, na kwa mwenye fedha yake ni kweli. Kwa mwenye mkopo si kweli, kwani tarehe ya benki nayo hairudi nyuma. Njia ninayoipendelea kwa vikundi vingi ni kugawa mzigo: sehemu iuzwe wakati wa mavuno ili ilipe madeni na malipo ya awali kwa wanachama, sehemu ingoje bei iliyopangwa, na sehemu ndogo ibaki kwa ajili ya ada za Januari na dharura. Haitakupa faida kubwa kuliko wote. Lakini inazuia wanachama wenye shida kuuzia pembeni kwa mnunuzi wa lumbesa na mizani isiyokaguliwa, na chama kinachokimbiwa na mzigo wa wanachama wake hufa hata mwaka wa bei nzuri.

Uamuzi uandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, bei ya siku hiyo hapa na Tunduma, mnachokijua, mnachokidhania, bei ambayo ikifika mtauza bila kikao kingine, bei ambayo ikishuka mtauza hata kwa hasara, na jina la anayewajibika kufuatilia. Ukurasa mmoja unatosha. Msimu ukiisha, ukurasa huo usomwe mbele ya wanachama pamoja na mahesabu. Waulizwe: kwa yaliyojulikana siku ile, uamuzi ulikuwa na akili? Waliofuata walichoandika na kupata hasara kwa zuio la ghafla wasamehewe. Walioandika kuuza ikifika 700, ikafika, wakang'ang'ania 800 hadi ikarudi 500, hao waeleze.

Mipaka ya madaraka

Bodi ya AMCOS haina uhuru wa kukopa itakavyo. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013, ukomo wa madeni hupitishwa na mkutano mkuu wa wanachama na kuridhiwa na Mrajis, na bodi haivuki hapo. Kuuza kila siku ndani ya mpango uliopitishwa ni kazi ya meneja na bodi. Kubadili mpango, kwa mfano kugeuza fedha ya mbolea kuwa mtaji wa mahindi, ni jambo la kurudisha kwa wenye chama. Kikundi kisichosajiliwa kiandike mipaka kama hiyo kwenye katiba yake kabla ya msimu, kwa maana ghala likijaa kila mtu anakuwa na haraka.

Mwisho wa mwaka kupima utendaji kwa faida pekee kunapotosha. Ongezeni vipimo vinne: shilingi mliyopata kwa kilo baada ya gharama zote ukilinganisha na bei ya mavuno, kilo zilizoingia ghalani dhidi ya zilizotoka, siku zilizopita kati ya mwanachama kukabidhi mzigo na kulipwa, na sehemu ya mavuno ya wanachama iliyouzwa nje ya chama. Kipimo cha mwisho ndicho hueleza imani ya watu kwa viongozi wao, na hakuna mkaguzi atakayewauliza.

Kikao cha kwanza kifanyike Mei, kabla mahindi hayajavunwa. Cha pili kifanyike Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatoa utabiri wa mvua za msimu wa Novemba hadi Aprili, na kabla mbolea haijanunuliwa, maana hapo ndipo mtajua kama fedha iliyofungwa kwenye magunia inahitajika shambani. Cha tatu kiwe Februari, wakati mahindi ya Zambia yanaonekana yakisimama au yakinyauka.