DIRISHA LINAFUNGUKA KIASI GANI?

Safari hii hatuanzi na kondomu wala kupima damu. Tunaanza na nyumba.

Baba yangu mdogo anajenga Kihonda, mjini Morogoro. Kuta zimefika usawa wa madirisha na fundi anasubiri kuambiwa aache nafasi kiasi gani. Jumapili moja nilikwenda kumsalimia saiti, nikamkuta ameshika karatasi ya gharama. Madirisha ya alumini, yale ya kusukuma pembeni, vioo vyeusi. Sebuleni mawili makubwa. Chumba cha nyuma, watakapolala binti zake wawili pamoja na bibi yetu, kidirisha kimoja cha sentimita 60 kwa 60.

"Shikamoo baba mdogo. Mbona hiki cha nyuma kidogo hivi?"

"Marahaba mwanangu. Huko nyuma ndiko wanakopitia wezi. Halafu chumba cha kulala mtu anataka giza, bwana."

Hapo nilikuwa nimeshatumwa. Mdogo wangu wa kidato cha pili alinivuta pembeni wiki moja kabla: "Dada, wewe ndiyo umwambie. Mimi nikisema habari za dirisha ataona namlaumu bibi." Maana mwaka jana bibi alikohoa karibu miezi mitatu kabla ya kupimwa, na walikuwa wanalala wote chumba kimoja cha kupanga ambacho dirisha lake lilikuwa halifunguki. Bibi alikutwa na kifua kikuu. Baadaye mdogo wangu naye akakutwa nacho. Wote wanameza dawa na wanaendelea vizuri. Lakini miezi sita ya vidonge ukiwa kidato cha pili siyo mchezo.

Hewa ikikaa, ugonjwa unakaa

Vijidudu vya kifua kikuu havikai kwenye kikombe wala kijiko. Mgonjwa ambaye hajaanza dawa akikohoa, akiimba au hata akiongea, anatoa chembe ndogo sana ambazo hubaki zikielea hewani kwa saa nyingi. Chumba kikiwa kimefungwa, kila anayelala humo anavuta hewa ileile usiku kucha. Kukiwa na upepo unaoingia huku na kutokea kule, chembe zinapungua haraka. Mgonjwa anayemeza dawa sawasawa huacha kuambukiza, mara nyingi ndani ya wiki chache, kwa hiyo msimkimbie bibi! Shida ni ule muda kabla hajapimwa, wakati kila mtu anasema "ni kikohozi tu cha vumbi". Dirisha ndilo linalofanya kazi wakati huo.

Na siyo maneno matupu. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya hewa katika vyumba 70 vya hospitali 8 za Lima, nchini Peru. Madirisha na milango vikiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika kama mara 28 kwa saa. Vyumba maalumu vya mashine, ambavyo ni ghali kweli kweli, vilikuwa na kipimo cha mara 12. Tena majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ya juu na madirisha makubwa, yaliyashinda yale mapya. Kumbe wazee walijua!

Tupige hesabu

Kipimo kinachotumika sana katika ujenzi ni kwamba eneo la madirisha lisipungue moja ya kumi ya eneo la sakafu. Mimi ningeenda mbali zaidi: chumba cha watu watatu, hiyo moja ya kumi iwe ni ile INAYOFUNGUKA.

Chumba cha bibi ni mita 3 kwa 3.6, yaani mita za mraba 10.8. Moja ya kumi yake ni 1.08. Kidirisha cha 0.6 kwa 0.6 ni 0.36. Tayari hakitoshi. Sasa kumbuka ni la kusukuma: kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine, kwa hiyo inafunguka nusu tu. Inabaki 0.18! Nilimwonyesha baba mdogo kwa kuchora kwenye tofali kwa mkaa. Alikaa kimya, halafu akamwita fundi.

Dirisha la bawaba hufunguka lote. Luva nazo hufunguka karibu zote na ni rahisi kubadilisha kioo kimoja kikivunjika, ila hazifungi vizuri, mvua ya upepo inaingia. Chumba hiki kiko pembeni mwa nyumba, kina kuta mbili za nje. Basi tukakubaliana madirisha mawili ya mita 1.2 kwa 0.9, moja kila ukuta. Hata yakiwa ya kusukuma, kila moja linafungua 0.54. Jumlisha mwenyewe. Tena ukuta mmoja ukipokea upepo, mwingine unautoa; dirisha moja peke yake halifanyi hivyo.

Kuhusu giza: pazia lipo. Kioo cheusi huwezi kukivua asubuhi unapotaka kusoma.

Na mbu je?

Swali zuri. Mbu wa malaria huuma hasa kuanzia jioni hadi alfajiri, saa zilezile tunazotaka dirisha wazi. Kwa hiyo wavu uwe sehemu ya dirisha tangu mwanzo, usiongojewe "tukipata hela". Lakini mbu huyu hupenda pia kupita juu, kwenye uwazi kati ya ukuta na paa. Utafiti wa Gambia uliochapishwa 2009 ulilinganisha nyumba za watoto. Katika nyumba zisizozibwa, watoto 30 katika kila 100 walikutwa na upungufu wa damu. Katika zile zilizowekewa wavu kwenye milango na madirisha na kuzibwa juu, walikuwa 19. Chandarua cha kitandani kinabaki palepale, lakini.

Wezi nao

Hapa baba mdogo ana haki, wezi wapo. Anataka nondo. Sawa, ila nondo zilizochomelewa moja kwa moja humzuia mwizi kuingia na humzuia mtoto kutoka. Machi 2001, bweni la shule ya sekondari Kyanguli nchini Kenya lilichomwa moto usiku. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli, madirisha yalikuwa na nondo. Walikufa wanafunzi 67.

Fundi wa kuchomelea anaweza kuweka grili yenye bawaba, inayofunguka kwa ndani kwa komeo lisilofikiwa na mkono wa mtu wa nje. Gharama inaongezeka. Baba mdogo amekubali moja kwa kila chumba cha kulala, kwa kupunguza dirisha moja la sebuleni. Vioo vyeusi bado tunabishana.

KAZI YA WIKI HII

Chukueni futikamba, watatu watatu. Pimeni sakafu ya bweni au darasa lenu, kisha pimeni madirisha, mkihesabu sehemu inayofunguka tu. Lililopigwa misumari ni sifuri. Andikeni pia ni grili ngapi zinafunguka kwa ndani, na ufunguo wa mlango wa pili anao nani usiku. Karatasi hiyo mpeni mwalimu wa afya, nakala abaki nayo kiranja wa bweni.