Dondoo muhimu: Mgeni uliyepata kazi Shimanzi au Changamwe, Mombasa

Usikimbilie kupanga karibu na geti la kampuni. Nyumba ikaguliwe mara mbili: mchana, kisha usiku malori ya bandarini yanapounguruma. Fungua madirisha, unuse. Waulize majirani kiwanda cha jirani kinachoma nini. Si woga huo: watu wa Owino Uhuru, upande wa bara, walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Maji kwanza, kodi baadaye. Ya mfereji hayaji kila siku. Panda ulione tangi, uliza kisima kiko wapi, mwambie mwenye nyumba awashe pampu ukiwa hapo hapo. Maji mengi ya visima vya kisiwani yana chumvi. Onja kabla ya kutia saini. Ya mkokoteni yachemshe.

Ukiupenda Mji wa Kale, sawa, na kama kazi yako iko Changamwe, asubuhi utatoka kisiwani wengine wakiingia. Lakini lori haliingii vichochoroni: kabati lako litakuja kwa mkokoteni, na ngazi ni nyembamba, basi pima kabla ya kununua. Vaa kwa staha. Ukipita barazani wasalimu wazee. Wazee hao ndio watakaojua fundi, chumba kilicho wazi na mahamri yaliyo moto.

Makaratasi: ukikaa zaidi ya siku 90, jiandikishe Uhamiaji upate kitambulisho cha mgeni.