Kaka Yuko Liège, Mama Yuko Mikelenge

Dada wa Mikelenge,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mama amepooza upande mmoja. Wewe ndiye unayemgeuza usiku, unafua mashuka kabla jua halijatoka, kisha unapanda mtumbwi kwenda kuuza bidhaa zako ng'ambo ya mto, Alunguli. Kaka yako anapiga simu kutoka Liège: mpeleke kwenye nyumba ya wazee, huku Ubelgiji bima inalipa yote. Unaniuliza kama serikali yetu nayo inalipa, na kama kukubali ni kumtupa mama.

Tuanze na kaka. Hata Ubelgiji bima hailipi yote. Inagharamia uuguzi; chumba na chakula mzee hujilipia kwa pensheni yake, na isipotosha wanawe wanaweza kudaiwa. Muulize taratibu, utamsikia akikohoa.

Kwetu Kongo, Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mzee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Maneno mazuri, ila hayana mfuko wa kulipia kitanda cha mama. CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii tuliouzoea kwa jina la INSS, hulipa pensheni, ajali za kazini na posho za familia. Mtu wa kumwogesha mgonjwa kama mama haulipi.

Lakini kuna jambo umeliandika pembeni kama halina maana: marehemu baba alikuwa mtu wa reli. Ah, dada! Kama alikatwa michango miaka yake yote, mama huenda ana haki ya pensheni ya mjane. Fungua lile sanduku la baba, tafuta namba yake ya INSS, cheti cha ndoa na cha kifo, uende ukaulize CNSS. Wakitaka kujua kama mama ameolewa tena, usicheke, akiolewa inakatika.

Na hili la kumtupa, nani amelisema? Kaka hakulisema, mama hakulisema. Ni wewe, saa nane ya usiku, ukiwa umeshika shuka lililolowa. Umechoka, basi. Nyumba ya wazee mwache kaka aiote. Wewe mwombe kitu anachokiweza: amlipe binti wa jirani alale kwa mama siku tatu kwa wiki. Mtajie kiasi, usimwachie akisie. Usiku wa kwanza mfundishe binti kumgeuza mama, halafu nenda ukalale chumba kingine, mlango ukiwa umefungwa.

Kile kisigino chekundu cha mama ulichokitaja mwishoni, muuguzi akione wiki hii hii. Hicho hakingoji pensheni.