Kupunguza Uzito Bila Kujidhuru: Vidonge vya Dukani na Chungu cha Nyumbani

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mama anayepika, baba anayetoa pesa ya matumizi, kijana anayepokea matangazo kwenye simu, na yeyote nyumbani aliyewahi kutamani kidonge cha kuondoa kitambi. Kisomeni pamoja. Unene wa mtu mmoja mara nyingi huanzia kwenye chungu kinacholisha nyumba nzima, na hapo hapo ndipo pa kuanzia kuupunguza.

Kwa nini uzito ni suala la afya

Kwetu mtu akinenepa huambiwa amependeza, na akipungua huulizwa anaumwa nini. Ndiyo maana wengi huchelewa kushtuka. Uzito uliozidi huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu, kiharusi, ugonjwa wa moyo, maumivu ya magoti na baadhi ya saratani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na kiribatumbo, yaani unene uliokithiri.

Chukua futi ya fundi cherehani, toa pumzi, kisha pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke, hatari huanza kupanda kiuno kinapozidi sentimita 80, na huwa kubwa kikipita 88. Kwa mwanaume vipimo hivyo ni 94 na 102. Kipimo hiki hakimhusu mjamzito.

Vidonge vinavyouzwa bila cheti cha daktari

*Orlistati.* Hii ni dawa halisi iliyofanyiwa utafiti. Marekani iliruhusu kidonge chake cha miligramu 60 kiuzwe bila cheti mwaka 2007. Huzuia takribani robo ya mafuta ya chakula yasifyonzwe tumboni, yakatoka na choo. Faida yake ni ndogo: kwa mwaka, anayeitumia pamoja na mlo mzuri hupungua wastani wa kilo 2 hadi 3 zaidi ya anayefuata mlo huo peke yake. Ukila chakula chenye mafuta mengi, choo hulainika, hutoa mafuta na huweza kukuponyoka. Dawa hii pia hupunguza vitamini A, D, E na K mwilini, na huingilia dawa za kuzuia damu kuganda, za kifafa, za tezi ya shingo na baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI. Mjamzito asiitumie.

*Chai na vidonge vya kuharisha.* Vingi vina sena, dawa ya kulainisha choo. Mizani itashuka asubuhi kwa sababu umepoteza maji. Mafuta ya mwili yamebaki pale pale. Ukiendelea kwa muda mrefu unapoteza madini ya potasiamu, na hapo misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika.

*Makopo ya "asili tupu".* Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wamekuta ndani ya vidonge, kahawa na chai za kupunguza tumbo dawa ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Inayokutwa mara kwa mara ni sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya utafiti kuonyesha kwamba iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wenye ugonjwa wa moyo. Nyingine huuzwa kwenye intaneti kwa jina la DNP. Ni kemikali ya viwandani inayopandisha joto la mwili hadi kuua, na haina dawa ya kutengua sumu yake.

Kwa hiyo bidhaa inayoahidi kilo 10 kwa mwezi bila kubadili chakula ni ya kuogopwa. Kama kweli inafanya kazi kwa kasi hiyo, jiulize ndani yake kumewekwa nini.

Kabla ya kununua

- Soma viambato vyote. Kama lebo iko katika lugha usiyoielewa, usinunue.
- Nunua kwenye duka la dawa lenye kibali, na mweleze mfamasia dawa zote unazotumia.
- Uliza kama bidhaa imesajiliwa. Tanzania Bara wahusika ni TMDA, Zanzibar ni ZFDA, na Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu.
- Usimpe mtoto wala mama anayenyonyesha kidonge cha kupunguza uzito bila ushauri wa daktari.

Chungu kilishindanishwa na kidonge

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilipewa metformini, dawa inayojulikana vyema kwa wagonjwa wa kisukari. Kundi jingine lilisaidiwa kubadili mlo, kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito. Wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa, waliotumia metformini walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 31. Waliobadili maisha waliipunguza kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu hivi.

Mfanye nini nyumbani

*Mafuta.* Acheni kumimina kutoka kwenye dumu. Pimeni kwa kijiko. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, karibu sawa na nguvu inayotumika kutembea nusu saa. Badala ya kukaanga kila siku, chemsheni, chomeni au ungeni kwa nyanya na vitunguu.

*Sukari.* Ni vyema mtu mzima asizidishe vijiko 6 vya chai kwa siku. Anayeweka vijiko 3 katika kila kikombe huvimaliza kwa vikombe viwili tu. Soda ya mililita 300 huwa na vijiko 8 hivi. Punguzeni kijiko kimoja kila wiki; ulimi utazoea.

*Sahani.* Nusu iwe mboga na matunda: mchicha, matembele, kabichi, papai. Robo iwe maharage, dagaa, samaki au kuku. Robo iliyobaki iwe ugali, wali au viazi, na ugali wa dona ukipatikana ni bora kuliko sembe. Mnaokula sinia moja, pakueni mboga kwanza, kisha ugali.

*Mwendo.* Tembeeni haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Shuka kituo kimoja kabla ya kwako. Kulima, kuchota maji na kucheza ngoma pia vinahesabika.

*Usingizi.* Mtu mzima anahitaji walau saa 7. Anayekesha huamka na njaa kali ya vyakula vitamu na vya mafuta.

Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni kasi salama. Mtu akipungua bila kukusudia, awahi kupimwa.

Ukishatumia vidonge, ukaona dalili hizi

Acha dawa, wahi hospitali na uende na kopo lake ukiona:

- maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kuzimia;
- mkono au mguu kulegea upande mmoja, au mdomo kupinda;
- macho ya njano au mkojo mweusi;
- joto kali na jasho jingi lisilokoma.

Neno kwa kila kaya

Wapo wanaohitaji dawa au upasuaji kwa sababu ya unene, nao waanzie kwa daktari atakayewafuatilia. Asichekwe mtu kwa mwili wake, wala asiachwe ale chakula chake maalumu peke yake huku wengine wakila chipsi. Pesa iliyotengwa kwa kopo la vidonge nunueni mboga, maharage na matunda ya nyumba nzima. Wiki hii nendeni kituo cha afya mkapime uzito, presha na sukari, kisha anzeni pamoja.