Kinyume cha "light" ni kipi? Inategemea

Swali hili hutoka kwenye daftari la mtoto saa mbili usiku, sufuria ikiwa bado jikoni: "Mama, kinyume cha 'light' ni nini?" Usijibu haraka. Muulize: "light" ipi, ya mzigo au ya rangi?

1. Dai sentensi nzima. Mzigo ambao si "light" ni "heavy", lakini rangi ambayo si "light" ni "dark". "Old man" mwenzake ni "young man", ila "old car" mwenzake ni "new car". Ugumu unazidi kwa sababu "-refu" yetu inamtosha mtu na kamba pia, wakati Mwingereza ana mtu "tall" na kamba "long". Ukiambiwa utafute kinyume cha "short" bila kuonyeshwa kilicho kifupi, ndipo anapozaliwa yule "long man" wa kwenye insha.

2. Sikiliza ulimi. Kwa nini "impossible", "illegal" na "irregular", wakati kiambishi chenyewe ni "in-"? Jibu unalo mdomoni. Sisi husema nyumba mbaya, si "nbaya". Kamba ndefu, si "nrefu". Sauti hujirekebisha ili ulimi usijikwae. Kilatini kilifanya vivyo hivyo, Kiingereza kikarithi. Ila "un-" haibadiliki kwa lolote: "unlawful", "unreliable", "unpopular". Kati ya "in-" na "un-" hakuna ujanja, fungua kamusi.

3. "Un-" ya kitenzi ni "-ua" yetu. Funga na fungua, "lock" na "unlock". Kunja na kunjua, "fold" na "unfold". Funika na funua, "cover" na "uncover". Hapa Mswahili anapita bila kukwama.

4. Ogopa "inflammable". Kopo la dawa ya kupulizia limeandikwa neno hilo, nawe unaliweka karibu na jiko ukidhani halishiki moto. Linashika! "Flammable" na "inflammable" ni kitu kimoja. "In-" ya hapo haikanushi, imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto. Siku hizi wataalamu wa usalama wa moto hupendelea "flammable", asije mtu akaungua kwa kosa la sarufi. "Invaluable" nayo ina mtego: ni kitu chenye thamani isiyokadirika. Kisicho na thamani ni "worthless".

5. "-ful" si lazima igeuke "-less". "Careful" na "careless", sawa. Lakini asiyekuwa "helpful" ni "unhelpful". "Helpless" ni yule asiyejiweza, na huyo anahitaji msaada wako, si lawama.

6. Misemo ishike miwili miwili. Basi: "get on", "get off". Teksi: "get in", "get out". Nguo ukii-"take off", kinyume ni "put on". Ndege iki-"take off", kinyume ni "land". Fomu uki-"fill in" au uki-"fill out", umeijaza tu.

7. Kagua "must" mara mbili. Kwangu mimi hili ndilo kosa la hatari kuliko yote. "You must pay" ni lazima ulipe. Ukitaka kusema si lazima, sema "you don't have to pay". Ukiandika "you mustn't pay" umemkataza mteja kulipa, na akiondoka na pesa yake usimlaumu.

8. Tafuta kitabu cha Roget cha kupanga maneno kwa maana zake. Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza, alikichapisha mwaka 1852, na alipanga mawazo yanayopingana ubavu kwa ubavu katika safu mbili. Kwenye intaneti pia utapata vinyume, ila soma ni vya maana namba ngapi ya neno.

9. Mengine yaache yalivyo. Kinyume cha "ruthless" andika "merciful". "Ruth" ya huruma iliwahi kuwapo, lakini ukiiandika leo, mwalimu atadhani umemtaja mwanafunzi mwenzako.