Muziki Unauza, Lakini Malipo Yathibitishe kwa Macho

Ukitembea Majengo jioni, iwe ile ya Meru ama ile ya Embu, utasikia biashara kabla ya kuiona. Spika ya duka la simu inapiga benga, mwenye mitumba anaita bei, kondakta anagonga bodi ya matatu. Wauzaji wengi wameihamishia kelele hiyo kwenye simu: stetasi ya WhatsApp yenye viatu kumi na wimbo wa mbio juu yake, ama laivu ya TikTok ambapo muuzaji anaongea bila kupumua. Malipo nayo yanapitia simu hiyo hiyo. Ndiyo maana leo tunazungumzia sauti: inasaidia wapi kuuza, na inaleta shida wapi pesa ikianza kutembea.

Wimbo ndio huamua mwendo

Mwaka 1982 mtafiti mmoja wa Marekani, Ronald Milliman, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya katika supamaketi. Siku zingine duka lilipiga muziki wa polepole, siku zingine wa haraka. Muziki ukiwa wa polepole, wateja walitembea taratibu zaidi na mauzo yalikuwa juu kwa takriban asilimia 38 kuliko siku za muziki wa haraka. Duka lilikuwa lile lile, na bidhaa zile zile.

Mwaka 1997 Adrian North na wenzake nchini Uingereza wakajaribu jambo lingine. Waliweka mvinyo wa Ufaransa na wa Ujerumani kwenye rafu moja, kisha wakabadilisha muziki: leo wa Kifaransa, kesho wa Kijerumani. Muziki wa Kifaransa ukipigwa, mvinyo wa Ufaransa uliuzwa zaidi. Ukipigwa wa Kijerumani, mambo yaligeuka. Walipoulizwa, wanunuzi wengi hawakudhani kwamba muziki ulihusika kwa vyovyote. Hapo ndipo mnunuzi anapaswa kutega sikio. Muziki unaweza kukusukuma na wewe usijue umesukumwa.

Ni kweli, hayo yalikuwa maduka ya kutembea kwa miguu. Lakini hata kwenye simu mteja ana mwendo wake. Kama picha za viatu zinabadilika kila sekunde kufuata ngoma, hataona saizi wala bei, na utashinda ukijibu "bei?" na "ziko saizi gani?" mpaka usiku. Chagua wimbo uliotulia, ushushe sauti yake iwe chini ya sauti yako, kisha kila kiatu kikae kidogo. Kwa maoni yetu, viatu vinne vinavyoonekana vizuri vinashinda kumi vinavyopita kama matatu ya Maua iliyochelewa.

Bidhaa inayotoa sauti, iache iongee

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapoteza nafasi, na wachache wanaficha makosa. Blenda, redio, cherehani, friji ya mitumba, pikipiki: vitu hivi vyote vina mlio, na mlio huo ndio unaoeleza hali yake. Fundi wa pikipiki hukuambia shida ya injini kabla hajaifungua. Ukiweka wimbo juu ya video ya pikipiki inayonguruma, umemnyima mteja jambo ambalo angelisikia kama angekuja mwenyewe.

Kama wewe ni muuzaji na kitu chako ni kizima, rekodi video bila muziki. Washa blenda ikiwa na maji ndani, si tupu. Fungua redio na uizungushe kwenye stesheni mbili tatu, Muuga FM ama Wimwaro FM, mteja asikie kama spika inakwaruza. Kwa cherehani, shona kitambaa kizito kidogo. Video ya namna hiyo haina urembo, lakini inajibu maswali ambayo wimbo hauwezi kujibu.

Ukiwa mnunuzi, omba video isiyo na muziki kabla hujatuma hata shilingi. Muuzaji anayekataa kukusikizisha mlio wa friji anayokuuzia amekupa sababu ya kuwa mwangalifu. Usitume "ya kushikilia" kwanza halafu uombe video baadaye.

Bei itamkwe, nambari iandikwe

Kuna wateja wasioona ambao hutumia simu kwa kusomewa skrini. Programu inayosoma skrini husoma maandishi ya kawaida, lakini bei iliyochorwa ndani ya picha mara nyingi huipita tu. Ukiitamka bei kwenye video, mteja huyo umempata, pamoja na yule aliye jikoni na mikono yake ina unga. Kisha weka maandishi vilevile, kwa sababu aliye kwenye matatu yenye muziki mkubwa, na yule asiyesikia, hawatasikia chochote.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp pia ni silaha nzuri. Mteja wa kijijini anayeogopa kutapeliwa husikia mtu halisi, pengine anaongea Kimeru ama Kiembu kama yeye, na moyo unatulia. Lakini usitaje nambari ya till kwa sauti peke yake. Katika Kiswahili "sita" na "tisa" hukaribiana sana, na mtandao ukikwama nusu sekunde, mmoja anageuka mwingine na pesa inaenda kwa mtu mwingine. Andika nambari, na karibu nayo andika jina la biashara litakalotokea kwenye simu ya mteja. Mteja naye asome jina hilo kabla ya kuthibitisha. Likiwa jina tofauti, asimame hapo hapo.

Jambo la nyimbo zenyewe, kwa ufupi: wimbo wa msanii ni mali yake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda, na wimbo ukitumika kuuza bidhaa, unahitaji ruhusa. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo inayosimamia mambo haya. Njia rahisi kwa duka dogo ni maktaba za nyimbo zilizoruhusiwa: TikTok ina maktaba ya akaunti za biashara, na YouTube ina yake ya bure. Vinginevyo video inaweza kunyamazishwa siku ambayo biashara ndiyo imechangamka.

Mlio wa SMS si risiti

Huko India, Paytm ilileta spika ndogo ya kuwekwa dukani inayotaja kwa sauti kiasi kilicholipwa, ili mwenye duka asihitaji kushika simu kila mara wala kuamini skrinishoti ya mteja. Inafanya kazi kwa sababu taarifa inatoka kwenye mfumo wa malipo moja kwa moja. Simu yako haiko hivyo. SMS yoyote italia "ting", hata ile aliyoiandika tapeli kwa mkono wake akiwa amesimama mbele yako.

Simu nyingi za Android hukuruhusu kuweka mlio wa pekee kwa mazungumzo ya mtumaji mmoja. Fungua ujumbe wa huduma yako ya malipo, ingia kwenye mipangilio ya arifa za mazungumzo hayo, uchague mlio usioutumia mahali pengine. SMS ya uongo inayotoka kwa nambari ya kawaida italia mlio wa kawaida, na hapo utashtuka mapema. Lakini hata mlio wa pekee ni wa kukuita tu uangalie. Fungua ujumbe, soma jina la mtumaji, kisha angalia salio ama taarifa ya till yako kabla mzigo haujapanda bodaboda. Kukiwa na foleni na mteja anakuharakisha, angalia hivyo hivyo.

Na wewe unayenunua kwenye laivu: muziki ukipanda, kengele ikilia, muuzaji akisema zimebaki mbili tu, shusha sauti ya simu mpaka sifuri. Kisha soma kiasi, soma jina, ndipo uweke PIN. Hiyo ni kazi ya nusu dakika. Na kama ile bidhaa imeisha katika nusu dakika hiyo, pesa yako bado iko kwenye simu yako.