Dhulma ya jahezi India: Kwa nini kesi huanguka kwenye rufaa

Ukisema mahari, Muislamu yeyote anaelewa: mwanamume anatoa, mwanamke anapokea, na ndivyo inavyoamrisha Surat An-Nisaa aya ya 4. India mambo yamepinduliwa. Nyumba ya bibi harusi ndiyo inayobanwa itoe fedha, dhahabu, hata pikipiki, na wapo Waislamu wenzetu wa huko walioingia katika mtindo huo, wakauita jahezi. Sheria ya mwaka 1961 iliupiga marufuku, tena ikatamka wazi kuwa mahari ya Kiislamu haimo katika katazo hilo.

Tuje mahakamani. Tangu mwaka 1986, mke akifa kwa moto au katika mazingira yasiyo ya kawaida ndani ya miaka 7 ya ndoa, na ikathibitika kuwa muda mfupi kabla ya kifo aliteswa kwa ajili ya mali hiyo, mahakama inalazimika kuchukulia kuwa mume au jamaa yake aliyemtesa ndiye aliyesababisha kifo. Adhabu haipungui miaka 7 jela. Sheria mpya zilizoanza Julai 2024 zimebadili namba za vifungu; msingi ni ule ule.

Wengi hudhani hapo mzigo wote ni wa mume. Sivyo. Upande wa mashitaka lazima kwanza uthibitishe mateso yenyewe. Na huo "muda mfupi" haukupewa idadi ya siku. Mwaka 2000, katika shauri la Kans Raj, Mahakama ya Juu ilisema lazima pawepo kiungo hai baina ya mateso na kifo. Ikamtia hatiani mume, lakini ikakemea tabia ya kuwakusanya jamaa zake wote katika mashitaka.

Jaji wa rufaa kwa kawaida hamuoni shahidi, anasoma kumbukumbu. Baba akisema tu "walikuwa wakimtesa", bila kutaja nani, lini na alidai nini, wakili wa utetezi anafurahi.

Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi binti alikwishasema. Alimwambia mama, dada, jirani. Wazee wakakaa kikao, wakamrudisha avumilie. Barua ile na tarehe ya kikao kile ndio ushahidi, nao hufichwa eti kusitiri aibu ya familia. Visipotajwa polisi siku za mwanzo, vikaja kutajwa kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu, utetezi utasema vimetungwa baada ya msiba.